Tao la Mwamba na Udongo wa Chini

Jangwa likitajwa, watu wengi hufikiri ni mchanga mtupu, nchi iliyokufa. Sikilizeni niliyoyaona.

Nakaa Salt Lake City, katika Marekani, mji wenye jamaa nyingi za Wakongo. Mwezi wa Oktoba tulifunga safari watu watatu: mimi, kijana wangu, na shangazi yangu, mkulima wa Uvira. Tulipakia maji mengi katika motokari, tukashika barabara ya kusini, kilometa karibu 370, mpaka tukafika Moab. Miti ilizidi kupungua, na udongo ukawa mwekundu kama matofali.

Karibu na Moab ipo mbuga ya Arches, inayolindwa na serikali tangu 1929. Humo mna matao ya mawe zaidi ya 2000, wala hakuna fundi aliyeyajenga. Zamani sana palikuwa na bahari. Maji yalikauka, chumvi nyingi ikabaki, mchanga ukarundikana juu yake, ukawa mwamba. Chumvi ile ikasogea chini kwa chini, mwamba ukapasuka. Maji yakaingia katika nyufa, yakaganda kwa baridi, yakabomoa jiwe kidogo kidogo hata pakatokea tundu.

Tuliacha motokari, tukaenda kwa miguu mpaka tao liitwalo Landscape Arch. Toka upande mmoja mpaka wa pili ni meta 88, nalo ni jembamba hata unashangaa halijavunjika. Tarehe 1 Septemba 1991 kipande chake cha meta 18 kilianguka. Watu waliokuwa chini walisikia mlio, wakakimbia, wakapona. Agosti 2008 tao jingine la njia ileile, Wall Arch, lilianguka lote. Kumbe, hata mwamba una siku zake!

Shangazi hakutazama juu kwa muda mrefu. Alitazama chini. Kando ya njia mchanga ulifunikwa na ukoko mweusi wenye vinundu. Kijana alitaka kupita juu yake apate picha nzuri. Shangazi akamshika mkono.

“Mjukuu wangu, usikanyage. Hiki ndicho kinachoshika udongo.”

“Bibi, si uchafu tu?”

“Na sisi Uvira tulisema ni majani tu.”

Alisema kweli. Ukoko ule ni hai: ni viumbe wadogo sana wanaofunga mchanga usipeperuke na kuhifadhi maji. Hatua moja huuvunja, na kupona kwake ni kazi ya miaka mingi.

Nami nilijua neno lake limetoka wapi. Miaka na miaka watu walikata miti ya milima iliyo juu ya Uvira. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wakafa, na nyumba ya dada yake ikachukuliwa na maji. Kijana anaijua habari hiyo. Akanyamaza, akarudisha mguu njiani.

Ndugu zangu mnaolima penye mteremko, matao yale yataanguka siku yake, wala hatuwezi kuyazuia. Lakini udongo wa mashamba yetu twaweza kuushika. Acheni majani yakae penye ukali wa mlima, pandeni miti, limeni kwa kukata mteremko, msiufuate. Mwenye kungoja mvua kubwa ndipo aanze, amechelewa.