Gogo Nililolikanyaga

Mwaka 2019 nalikwenda Marekani kumtazama mwanangu akaaye Seattle, naye akanipeleka katika msitu wa Hoh, ulio ndani ya hifadhi ya Olympic iliyowekwa mwaka 1938. Nalidhani misitu ya mvua nyingi ni ya nchi za joto tu. Kumbe, huko ni baridi, nami nalivaa makoti mawili! Mawingu yatokayo bahari ya Pasifiki hupanda milima, hupoa, na kumwaga mvua ipitayo mita 3 kwa mwaka.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja, mlinzi wa hifadhi. Tukamfuata watu sita katika njia nyembamba. Miti iitwayo Sitka, jamaa ya msonobari, mingine hupita mita 70 kwa urefu, hata shingo huuma kwa kuitazama. Matawi yamevikwa vijani laini kama sufu, na chini ni kangaga tele.

Basi mimi, nikitaka kuona zaidi, nikapanda juu ya gogo lililolala kando ya njia. Yule mama akaniambia kwa upole, “Mwalimu, shuka tafadhali. Umesimama juu ya kitalu.” Nikatazama miguuni pangu, nikaona miche yenye kimo cha kidole imeota juu ya gome.

Ndipo akatueleza. Mbegu iangukayo chini husongwa na kangaga, ikakosa nuru. Lakini iangukapo juu ya gogo lianzalo kuoza hupata nafasi na maji, na mizizi yake hushuka polepole ubavuni mwa gogo hata kufika ardhini. Gogo huoza likaisha, miti ikabaki imesimama mstari mmoja kana kwamba ilipandwa kwa kamba. Akatuonyesha mti mkubwa wenye uvungu chini ya mizizi, mahali gogo lilipokuwa. Nikapitisha mkono wangu mpaka begani.

Nikakumbuka kijisitu cha chemchemi nyuma ya shule yetu. Miaka mingi nimewaagiza watoto kukusanya humo magogo yaliyooza na kuyachoma moto, nami nikiiita kazi hiyo usafi. (Shamba la mahindi ni jambo jingine, wala silisemi hapa.)

Wakati wa kurudi nalilitafuta gogo lile. Yule mama akainama, akainua kwa vidole miche miwili iliyolala. Mmoja ukasimama. Wa pili ulikuwa umevunjika.