Saa ya Baba: Ijue Kwanza, Ndipo Uiuze



Pengine nyumbani kwenu, chini ya sanduku la nguo, kuna kitu cha zamani mnachokiita mali. Kwetu, hapa kartie Katoyi mjini Goma, kilikuwa saa ya mkono ya baba. Alifanya kazi miaka mingi katika mgodi wa dhahabu wa Kamituga. Alipofariki alituachia nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na saa ya rangi ya njano yenye jina Seiko 5. Tangu utoto tulisikia hivi: ni dhahabu tupu, na Wazungu wa kampuni walimpa siku ya Uhuru, 1960.

Mwaka 2025, banki za Goma zilipofungwa na kazi zikakatika, minervali ya binti yetu wa sekondari ilinishinda. Nikaifunga saa katika kitambaa, nikashuka Birere. Mnunuzi wa kwanza hakuitazama hata dakika moja. "Papa, hii ni feki tu. Niko nakupa dola kumi." Jioni kijana jirani, aliyetoka machimbo na pesa mfukoni, akasikia habari ya dhahabu na ya Uhuru. Akaniambia: "Papa, miye nakupa dola mia mbili. Usiiuzishe mtu mwingine."

Wewe ungefanya nini? Mkono wangu ulitaka kupokea. Lakini sisi tuliokulia mgodini tunajua: dhahabu haiuzwi kabla ya kupimwa. Nikamwomba siku mbili, nikaenda kwa mzee fundi wa saa kando ya soko ya Virunga.

Swali lake la kwanza: "Uliisugua ao kuipaka kitu?" Nikasema hapana. "Vizuri. Wengine wanasugua mpaka alama zinafutika, kisha wanashangaa bei kuanguka."

Akatazama mshale wa sekunde. Ulikwenda kwa hatua ndogondogo za haraka. Ule wa saa ya betri, kwa kawaida, huruka mara moja kila sekunde. Basi hii ni saa inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono.

Akageuza mgongo wake: namba 6119, ndiyo aina ya mashine. Chini kabisa ya uso, kwa herufi ndogo sana, 6119 tena. Akaifungua mbele yangu (usiache saa yako kwa mtu usiyemjua!), na mashine yenyewe ni 6119. "Zikipingana," akasema, "ujue vipande vimechanganywa, ao uso si wake."

Kisha namba ya pili ya mgongoni. Ilianza na 4, ikafuata 6. Katika Seiko za miaka ile, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi. Mashine hiyo ni ya mwisho wa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970, kwa hiyo saa ilitengenezwa Juni 1974. Na Seiko 5 ya kwanza ilitoka 1963. Mwaka 1960 hakuna mtu aliyeweza kuivaa!

Na dhahabu? Saa ya dhahabu ya karati 18 kwa kawaida hupigwa muhuri 750. Hapa hakuna. Pembeni, ambapo shati husugua, njano imeisha na chuma cheupe kinaonekana.

Nilirudi nyumbani na aibu. Mama akacheka mpaka machozi. "Baba yenu aliinunua mwenyewe Bukavu. Alipenda tu kusema amepewa."

Ikabaki bei. Fundi alinionya: "Usiulize watu wanaomba ngapi. Uliza waliuza ngapi." Niliuliza watu watatu: kwa saa kama yetu, nzima na ya kweli, ni makumi ya dola, si mamia. Ni kweli, habari ya saa huweza kupandisha bei, lakini iwe na ushahidi. Mwaka 2017, huko New York, Rolex ya mchezaji filamu Paul Newman iliuzwa zaidi ya dola milioni 17; maneno ya mke wake yalikuwa yamechongwa mgongoni. Yetu ilikuwa na maneno ya mdomo tu.

Nikamwita yule kijana, nikamwonyesha namba zote. Akanyamaza. "Basi dhahabu hapana?" "Hapana. Ila saa ni ya kweli." Akanipa dola arobaini. Mke wangu hakufurahi: "Umetupa dola mia na makumi sita, na mtoto yuko nyumbani!" Sikuwa na jibu. Minervali tuliilipa kidogo kidogo, na binti alipoteza majuma mawili ya masomo.

Kijana bado anavaa ile saa. Tunapokutana njiani ananionyesha mkono, na mimi sigeuzi uso.

Nawe, msomaji, ukipatwa na shida, usikimbilie sokoni na hadithi ya nyumbani. Fungua, soma namba, uliza watatu. Hivyo mwenye pesa hatakudanganya, wala wewe hutamdanganya mtoto wa jirani.