Panzi Wasiopigana

Wahenga walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nilipokuwa shule ya msingi niliikariri methali hii pamoja na nyingine kama kasuku, nikapata alama zangu, nikaisahau. Sikujua kwamba ingekuja kunibishia hodi nikiwa kidato cha tatu, tena kwenye kituo cha mafuta.

Mpenzi msomaji, kisa chenyewe kilianza Jumatano moja ya muhula wa pili, tulipopanga mistari gwarideni na majina ya wenye madeni ya karo yakaanza kusomwa. Langu lilikuwa la nne. Wale ambao mmewahi kusomwa mnajua jinsi masikio yanavyopata moto. Kabla ya saa nne nilikuwa steji ya Bungoma, mkoba begani, nikimngoja baba.

Baba yangu ni dereva wa matatu ya kati ya Kitale na Bungoma. Gari si lake. Kila jioni sharti ampelekee mwenye gari hesabu kamili, anunue mafuta na amlipe makanga. Kinachobaki ndicho chetu: unga, kodi ya nyumba, karo yangu na ya wadogo zangu wawili. Siku mafuta yakipanda, mwenye gari hapunguzi hesabu yake hata ndururu. Anayepunguziwa ni sisi.

Baba alipofika na kuniona na mkoba, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ingia mbele."

Tuliketi watatu mbele: baba, mimi, na mama mmoja muuza ndizi ambaye ni abiria wake wa siku nyingi. Tulipopita Webuye mama yule alianza maneno yake.

"Dereva, nauli mlipandisha Septemba ile ya 2023, petroli ilipovuka mia mbili. Tukalipa, hatukusema kitu. Mwaka uliofuata petroli ikateremka. Nauli nayo mbona imebaki juu ya mti?"

Baba alicheka kidogo, akakohoa, akabadilisha gia. Hakujibu. Mimi nilitazama mashamba ya mahindi huko nje, nikaona haya kwa niaba yake.

Tukapita Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, tukaingia Kitale. Baba akaingiza gari kituoni anyweshe. Hapo ndipo nilipoinua macho, nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kulitazama. Kulikuwa na vituo vitatu, karibu vinatazamana. Rangi tofauti, majina tofauti, sare za wahudumu tofauti. Lakini bei iliyoandikwa kwenye vibao ilikuwa ileile, hadi senti ya mwisho.

"Baba, mbona hawa wote wanauza sawa? Hawashindani?"

"Hiyo ni bei ya serikali, mwanangu. Wao wafanyeje?"

Nilinyamaza. Nyumbani kwetu kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, redio hufunguliwa na watoto hunyamazishwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazoanza kutumika usiku huo na kudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Sisi husikiliza jinsi watu wengine wanavyosikiliza mpira. Kwa hivyo jibu la baba lilionekana kamili.

Usiku huo, baada ya wadogo zangu kulala, mama alinieleza kwa nini karo ilikosekana. Miezi miwili nyuma, bei ilipombana, baba alinunua mitungi miwili ya petroli ya kando ya barabara kutoka kwa mtu aliyeuza nafuu. Kumbe yalikuwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa. Injini ilianza kukohoa, kisha ikazima njiani abiria wakiwa ndani. Matengenezo yalikatwa kwenye jasho la baba wiki baada ya wiki. Karo yangu iliingia mle injini.

"Usimwambie kuwa nimekuambia," mama alisema. "Anaona aibu."

Ulaghai huo si wa jana. Mwaka wa 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili tofauti ya bei iliyowavutia wachanganyaji ipungue. Na mitungi yenyewe ni mauti. Nani amesahau Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipopinduka, watu wakakimbia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100? Tangu usiku huo niliapa kwamba nafuu ya mtungi siitaki. Lakini nilijiuliza: nafuu ya halali iko wapi?

Baba alilipa sehemu ya deni, nikarudi shuleni. Katika kipindi cha Biashara nikainua mkono, nikamwuliza mwalimu swali nililomwuliza baba, kisha nikajijibu mwenyewe haraka kwamba ni bei ya serikali.

"Umewahi kulisoma tangazo lenyewe, au hulisikia tu?" mwalimu akauliza.

Sikuwa nimelisoma. Kesho yake alileta gazeti lililolichapisha. Jedwali lilikuwa na miji mingi: Mombasa ambayo huwa nafuu kuliko sote, Nairobi, Eldoret, Kitale, Bungoma. Na juu ya jedwali palikuwa na maneno niliyoyasoma mara tatu: bei za juu kabisa.

"Dari la bweni lenu liko juu," mwalimu alisema. "Je, ni lazima kila mtu aruke mpaka aliguse? EPRA imeweka dari. Haikuweka sakafu. Mwenye kituo akizidisha hata senti amevunja sheria. Akipunguza, hakuna atakayemkamata."

Darasa zima lilinong'ona. Kumbe miaka yote hii!

Alitueleza zaidi, nami nayaandika hapa kwa faida ya wenzangu wa vidato vingine. Zamani serikali ndiyo iliyopanga bei. Oktoba 1994 soko likafunguliwa, kila kampuni ikawa huru kuuza kwa bei yake. Mwaka huohuo bomba la mafuta lililokuwa likifika Nairobi tangu 1978 liliendelezwa hadi Eldoret na Kisumu, nasi wa magharibi tukatumaini mema. Lakini bei ilijifunza tabia mbaya: kupanda kama tumbili na kushuka kama kinyonga. Mwaka wa 2008 pipa la mafuta ghafi duniani lilifika dola 147 mwezi wa Julai, na kufikia Desemba lilikuwa chini ya dola 40. Kwenye pampu zetu kupanda tulikuona upesi. Kushuka tulikungoja mpaka tukachoka. Malalamiko yakazidi, na Desemba 2010 bei ya juu ikaanza kuwekwa kila mwezi, mji kwa mji, kwa kujumlisha gharama ya meli na bandari, kodi, bomba, lori la kutoka bohari na faida ya muuzaji.

"Kwa hivyo hilo dari lilijengwa ili kumkinga mnunuzi," mwalimu alimaliza. "Tatizo ni wauzaji kulifanya kuwa ndiyo bei yenyewe, na wanunuzi kuamini."

Tulipofunga nusu muhula nilimwomba baba daftari lake. Baba huandika kila kitu: tarehe, mji, lita, bei. Nilikaa nalo mezani kutwa nzima. Upande wa Kitale, mwezi baada ya mwezi, kila kituo alichonunua kiliuza kwa bei ya dari. Upande wa Bungoma vivyo hivyo, isipokuwa wiki tatu tu ambapo kituo kimoja kipya kilipunguza shilingi moja na nusu. Humo humo katika wiki hizo, jirani yake naye alipunguza. Kisha asubuhi moja wote wawili wakarudi juu pamoja. Panzi walipigana wiki tatu, kunguru akala. Halafu panzi wakapatana.

Nilijipa moyo, nikaenda na baba kwenye kituo kimoja kilichojitenga kidogo, ambacho mara nyingi hukikuta kitupu. Nikamsalimia msimamizi wake kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza. Kwa nini hamshushi bei hata kidogo?"

Alinitazama, akamtazama baba, akacheka. Hata hivyo alinijibu kama mtu mzima, na kwa hilo namshukuru.

"Kijana, unadhani pesa zote hizo ni zangu? Kodi peke yake ni mlima. Ushuru wa barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi wa Julai 2024. Mimi hubaki na shilingi chache, nazo nilipie stima, wafanyakazi na mkopo. Sasa nikishusha leo, jirani atashusha kesho. Wateja watabaki palepale walipokuwa, ila sote wawili tutakuwa tumepoteza. Ndiyo maana kila mtu anakaa kimya."

"Mlikubaliana?"

"La! Hatujawahi hata kuketi pamoja. Kila mtu anaangalia kibao cha mwenzake tu."

Nilimwamini. Wauzaji wakiketi na kupanga bei, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010. Lakini kuangalia kibao cha jirani si kosa. Wazee husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku hiyo niliona kwamba tembo wasipopigana pia nyasi zaweza kuumia, polepole, senti kwa senti.

Ndipo baba, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Na wateja wakija wengi kwa mara moja?"

Yule msimamizi akaacha kucheka.

Sitawachosha kwa mambo yote yaliyojadiliwa steji jioni hizo. Wako waliosema ni ndoto za watoto wa shule. Wako waliosema kituo hicho kiko mbali, watapoteza zamu. Mwishowe madereva kumi na mmoja walikubaliana kunywesha hapo kila siku kwa mwezi mmoja wa majaribio, mradi wapunguziwe. Waliomba shilingi mbili. Walipewa moja.

Shilingi moja! Najua mtacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipochukua kalamu. Baba hutumia karibu lita 40 kwa siku. Siku 26 za kazi ni shilingi 1,040 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 12,480. Haba na haba hujaza kibaba. Hazimalizi deni langu la karo, na nisiwadanganye, ninapoandika makala haya bado nina deni. Lakini zimelipa sehemu, na baba hajanunua tena mtungi wa kando ya barabara.

Mwezi wa majaribio umekwisha na mpango unaendelea. Vibao vya vile vituo vitatu havijabadilika. Ila juma lililopita msimamizi wa kimojawapo alimsimamisha baba akamwuliza, kwa sauti ya chini, kule wanapewa nini. Baba anasema hiyo ndiyo dalili ya mvua.

Imebaki sehemu moja ambayo ningependa kuificha, lakini mlezi wa chama chetu hutuambia mwandishi asijipendelee. Siku ya kurudi shuleni nilisafiri tena na baba, na yule mama wa ndizi alikuwamo. Baba alimsimulia habari ya shilingi moja kwa furaha nyingi. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Vizuri, dereva. Nyinyi mmeshushiwa. Na mimi je?"

Gari zima lilinyamaza. Maana ni kweli: matatu za steji yetu nazo hutoza nauli ileile, zikiangaliana kama vile vituo vya mafuta. Panzi wengine wasiopigana. Tuliyemlaumu msimamizi kwa kukaa kimya, tulikuwa tumekaa kimya vilevile kutoka Webuye hadi Kitale.

Tulipofika Bungoma makanga alitaka kumtoza nauli ya kikapu, kama kawaida. Baba akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo kikapu cha mama yule husafiri bure. Si jambo kubwa, na nauli ya watu haijashuka, lakini naamini baba hajamaliza kuliwaza swali lile.

Wenzangu, Katiba yetu katika Kifungu cha 46 inatupa haki kama wanunuzi: bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari tunazohitaji ili tufaidike nazo. Haki ya pili ndiyo iliyotusaidia sisi. Kwa hivyo, mkiwa dukani, stejini au kwenye pampu, na mtu akawaambia bei ni ya serikali, msiondoke kabla ya kuuliza: ni dari au ni sakafu? Kisha rudini nyumbani mkajiulize swali la yule mama wa ndizi.