Mikorosho ya Babu, Ardhi ya Bibi

Newala ni mji uliojengwa mahali pasipo na maji. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma mpaka upande wa Msumbiji, upepo unakupiga usoni, lakini hapo juu uliposimama hakuna mto. Mchanga hunywa mvua yote. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mteremko kufuata maji, wakapanda tena na mitungi kichwani.

Karl Weule, Mjerumani aliyefika huku mwaka 1906, alisimuliwa kisa cha mtu wa kwanza wa Kimakonde: mtoto aliyezaliwa karibu na mto alikufa, wa bondeni akafa, aliyezaliwa juu uwandani akaishi. Mimi nakisoma kisa hicho pamoja na habari za mashambulizi ya Wangoni na misafara ya watumwa kwenda Kilwa. Watu walipima kiu na pingu, wakachagua kiu.

Mti ulioupa mji huu fedha nao hauombi maji mengi. Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Msumbiji katika karne ya 16, lakini kwetu ulienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima mmoja mmoja, mbegu mfukoni. Jambo hili hunichekesha, kwa sababu miaka hiyohiyo, Nachingwea, si mbali na hapa, Waingereza walikuwa wakifyeka msitu kwa matrekta ili walime karanga. Mradi ulianza mwaka 1947, mwaka 1951 ukavunjwa. Hata reli waliyoijenga kutoka Mtwara iling'olewa baadaye. Kuhusu karanga hizo ambazo hazikuota nimekuta vitabu rafu nzima. Kuhusu babu aliyepanda mikorosho, hakuna ukurasa.

Sasa nieleze kwa nini ukurasa huo unatafutwa. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na urithi wa mwanamume kwa desturi huenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Ulipokuwa urithi wa jembe na mtama, mambo yalikwisha haraka, maana shamba la mtama lilichoka baada ya misimu michache, watu wakahama. Mkorosho huzaa miaka arobaini na zaidi. Babu aliupanda akiwa kijana, katika ardhi ya ukoo wa bibi, aliyopewa alipooa. Alifariki mwaka juzi. Wapwa zake wakaja kwa heshima zote, wakasema ardhi ni yenu, hatuidai, lakini miti ni ya mjomba wetu.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Mtu akakumbuka kwamba mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nikapewa daftari.

Nilikwenda kwanza kwenye takwimu, kwa mazoea ya chuo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Miaka kumi na kitu baadaye kuna misimu haikufika 20,000. Vitabu vinataja sababu: bei duni, ubwiri unga, na Operesheni Vijiji iliyowahamisha watu mbali na mashamba yao. Niliziandika kwenye tasnifu yangu kwa mistari minne.

Bibi alikuwa ndani ya mistari hiyo minne. Walipohamishiwa kijijini, shamba likabaki mwendo wa saa mbili kwa miguu. Babu alikata tamaa. Bei ilikuwa haina maana, akaenda kutafuta vibarua Mtwara. Mashamba ya majirani yakawa pori. Bibi aliendelea kwenda. Alifyeka, akapalilia, akaokota, akarudi na gunia kichwani, na siku za kiangazi aliunganisha safari hiyo na ya maji. "Mti usipopaliliwa unamezwa na moto wa kwanza," aliniambia. Alifanya hivyo miaka kumi na mitatu, mpaka salfa ya kupulizia ilipopatikana na bei ikaanza kurudi.

Wakati huo hakuna aliyedai urithi. Nalisema hili bila kuwalaumu wapwa. Nao walikuwa na mapori yao. Madai yalikuja na bei. Baada ya stakabadhi ghalani kuanza mwaka 2007, na hasa misimu ile bei ya mnadani ilipopanda, kila mkorosho wa Newala ulipata ndugu. Mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za wanunuzi na Rais Magufuli akaamuru jeshi lizikusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nyumbani kwetu swali la kwanza lilikuwa jina la nani litaandikwa kwenye fomu. Liliandikwa la babu. Bibi hakuwahi kuwa na jina kwenye karatasi yoyote ya ushirika.

Basi tulikwenda shambani, bibi, mama, mimi, na mpwa mkubwa wa babu, ambaye mimi namwita mjomba. Bibi alipita mti kwa mti. Huu wa mwaka alipozaliwa mama yako. Huu uliungua, ukachipua upya, nikauzungushia kinga ya moto. Huu nimeupanda mwenyewe, babu yako akiwa Mtwara. Nilikuwa nikiandika namba na maneno yake kama alivyoyasema.

Kwenye mti wa thelathini na moja mjomba aliomba daftari. Akasoma kimya, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akanirudishia.

"Mama," alimwambia bibi, "ile miwili ya pale kichuguuni umeiruka."

Bibi aliitazama kwa muda. Akasema ni kweli, mbegu zake zilitoka kwa dada yake babu, aliyemzaa huyo mjomba, na yeye ndiye aliyezifukia kwa mkono wake. Akaniambia niandike hivyo. Nikaandika, namba 32 na 33, tukaendelea na mstari uliofuata.