Dhahabu ya Kakamega na Hesabu Yake

Msafiri atokaye Kisumu, akiisha kupanda milima ya Maragoli na kuvuka mto Yala, hufika Kakamega bila kuona dalili ya utajiri wowote. Huona mahindi, migomba, na mashamba madogo yaliyosongamana, maana nchi ile ina watu wengi mno. Lakini kando ya mji uko mtaa uitwao Rosterman, na jina hilo ni la kampuni iliyochimba dhahabu hapo tangu 1935 hata 1952.

Dhahabu ilionekana wilayani humo mwaka 1931, na Wazungu wakamiminika. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya Waafrika iligeuzwa, ili mwenye shamba apewe fedha badala ya shamba jingine. Wazee hawakulisahau jambo hilo.

Siku hizi wachimbaji ni wenyeji wenyewe. Vijana hushuka kwa kamba katika mashimo yaliyozuiwa kwa magogo. Juu yake wanawake huponda mawe kwa nyundo. Kisha mawe husagwa, unga wake huoshwa, na zebaki hutiwa ili ishike dhahabu. Zebaki hiyo huchomwa motoni, mara nyingi karibu na jiko la chakula, na moshi wake hudhuru ubongo na figo.

Je, kazi hiyo yalipa? Na ifanywe hesabu. Tani moja ya mawe ni magunia 20 ya kilo 50. Ikiwa tani ina gramu 10, nayo ni mawe mazuri, basi kila gunia lina nusu gramu tu. Zebaki kwa kawaida haishiki hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo magunia yote 20 hayatoi gramu 5; na katika hizo yupo mwenye shamba atakaye fungu lake, yupo mwenye mashine ya kusagia, kuna magogo, na mafuta ya pampu ya kuvuta maji. Zaidi ya hayo, mnunuzi aliyewakopesha wachimbaji chakula hununua kwa bei aipendayo yeye.

Dhahabu iliyosalia iko wapi? Imo katika mchanga uliooshwa, ambao mchimbaji huuona kuwa takataka na kuuza kwa bei ya chini. Wenye matangi ya sianidi huununua, nao huweza kutoa sehemu 9 katika 10 za dhahabu iliyomo. Hapo ndipo penye faida, wala si shimoni.

Sheria ya madini ya 2016 yawaruhusu wachimbaji wadogo kupata kibali, na katika ushuru wa madini sehemu 10 kwa 100 ni ya wenyeji wa mahali. Vyama vilivyoandikishwa vyaweza kununua mashine pamoja na kuuweka mchanga wao. Lakini kuweka mchanga kwataka subira ya miezi, na karo ya shule hudaiwa Januari. Basi lori likija, mchanga hupakiwa.