Mlio Uliohamia Kwenye Moshi

Enzi za Peugeot 504, Datsun na Land Rover, injini iliyokuwa ikigonga ilijitangaza yenyewe. Gari likishika mlima na dereva akikanyaga mafuta, mlio kama wa kokoto zinazotikiswa mkebeni ulisikika mpaka kiti cha nyuma, na mguu ukiachia tu, kimya. Nakumbuka namna fundi wa miaka ile alivyopimwa kwa sikio lake. Alishika bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye bloku, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akahama silinda moja hadi nyingine huku amefumba macho. Kisha alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine: mlio ukififia waya wa tatu ukiwa nje, basi shaka iliangukia beringi ya konrodi ya silinda ya tatu. Ikiwa tatizo ni moto, alilegeza distributa, akaizungusha kiasi cha unene wa ukucha, akaifunga. Leo kifaa kinachokaa kiganjani huchomekwa chini ya usukani na kutoa namba. Wapo wanaosema sikio limekwisha kazi, na wapo wanaolalamika kwamba ufundi wenyewe umekufa. Kwa maoni yangu ufundi haukufa; ushahidi ndio uliohama. Ulikuwa kwenye mlio, sasa sehemu kubwa yake iko kwenye bomba la moshi, na anayeshughulikia kugonga peke yake na ekzosi peke yake ataifungua injini bure.

Kugonga ni neno moja kwa maradhi mawili. Kuna kugonga kwa chuma, beringi iliyolika ikiacha nafasi ambamo konrodi inapigapiga. Na kuna kugonga kwa moto: plagi imetupa cheche, moto unasambaa, lakini mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto mpaka unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Maradhi haya ya pili ndiyo yaliyomfanya Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors huko Dayton, Ohio, atie risasi kwenye petroli mwezi Desemba 1921. Kugonga kulitulia, na dunia ikavuta risasi hiyo kwa miongo mingi. Hata macho ya mafundi wetu yalifunzwa na risasi. Gari lililotoka safari ndefu likiwa zima lilikuwa na mdomo wa ekzosi wenye rangi ya kijivu iliyopauka, karibu na majivu. Mdomo mweusi ulimaanisha kabureta inamwaga mafuta mengi. Nchi za Afrika zilizokutana Dakar mwezi Juni 2001 zilikubaliana kuiondoa risasi kwenye petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 nchi za Kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Rangi ile ya kijivu iliondoka nayo. Mwenye gari la zamani aliyezoea kijivu akaona mdomo umetiwa weusi mwepesi, akadhani injini imeharibika, kumbe petroli isiyo na risasi ndivyo inavyoacha alama.

Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko ambalo bado linasikika gerejini: petroli ya zamani ilikuwa bora, hii ya sasa ndiyo inayogongesha injini. Lalamiko hili lina chembe ya ukweli, kwa kuwa vitako vya valvu vya chuma laini kwenye injini za zamani vilikingwa na risasi. Lakini kwa habari ya kugonga, oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga, hupatikana kwa njia nyingine, na risasi iliyokuwa ikilinda valvu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiingia kwenye damu ya watoto wanaoishi kando ya barabara. Siwezi kuiomboleza. Mkosaji halisi mara nyingi ni mafuta ya taa. Yana oktani ndogo mno, na yakichanganywa na petroli injini hugonga mlimani hata kama taiming haina kasoro. Serikali zetu hazikulitungia jambo hili sheria kwa uvumi: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Kwa hiyo gari lililoanza kugonga siku moja baada ya kujazwa tangi lisifunguliwe kwanza. Litumike mpaka tangi likaribie kuisha, lijazwe kituo kingine, lisikilizwe tena.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuja kimya kimya na magari yaliyotumika ya Japani. Injini kama 1NZ-FE iliyomo kwenye Toyota IST ina sensa ya noki iliyofungwa kwenye bloku. Ndani yake mna kipande kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Kompyuta ikiuhisi mtetemo wa kugonga huchelewesha cheche papo hapo, kabla dereva hajasikia lolote. Lile alilofanya fundi kwa kuzungusha distributa sasa hufanyika wakati gari likienda, safari yote. Lakini cheche iliyochelewa humaliza kuwaka kwa kuchelewa pia: nguvu hupungua, mafuta huliwa zaidi, na gesi hutoka ikiwa ya moto kuliko kawaida. Injini haisemi tena kwa mdomo wa mbele, inasema kwa nyuma. Ndiyo maana gari la namna hii likigonga kwa sauti ya kusikika nalichukulia kwa uzito zaidi: ama sensa au waya wake umekufa, ama kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake wa kuchelewesha, ama kinachogonga ni chuma.

Au ni ekzosi yenyewe. Gasketi ya manifoldi ikipasuka hutoa mlio wa tiki-tiki unaofuata mzunguko wa injini, na watu wameshafungua injini nzima kwa ajili yake. Tofauti ipo kwa anayetaka kuisikia: mlio huo huwa mkali asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupungua chuma kinapopata moto na kutanuka, na kwenye maungio huacha mstari wa masizi. Ufa huo huo ukiwa mbele ya sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje. Sensa inadanganyika kwamba mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli, moshi unageuka mweusi, na masega ya kusafishia moshi yanapata joto mpaka yanayeyuka na kuziba. Bomba likiziba, gesi ya moto inabaki silindani na kupasha mchanganyiko unaofuata. Injini inaanza kugonga. Kilichoanzia kwenye gasketi ya bei ndogo kimerudi kwenye pistoni.

Watetezi wa kifaa watasema namba zingeonyesha yote haya. Zingeonyesha P0171, yaani mafuta ni machache, wakati mafuta yamezidi; au P0420, yaani masega hayasafishi ipasavyo, na mwenye gari angeshauriwa masega yatolewe. Namba inaripoti kile sensa inachokiona, haimwambii fundi kwa nini inakiona. Na anayesema kutoa masega ni njia ya mkato iliyokwisha kuthibitika, kwa sababu gari hupata nguvu, anasema kweli nusu: nguvu iliyorudi ni ile iliyokuwa imezibwa, na sababu iliyoyaziba bado inaendelea kumwaga petroli. Napendekeza kazi ianze injini ikiwa baridi, kabla ya kuchomeka chochote. Kitambaa kizito kishikiliwe kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache na mwingine ainamie manifoldi. Penye ufa patapiga mbinja. Kisha kitambaa kiachiwe, kiganja kiwekwe karibu na mdomo, na mtu wa tatu akanyage mafuta taratibu: bomba zima linasukuma kiganja, lililoziba linapumua kwa taabu.