Mtoto wa miaka miwili hahitaji daftari

“Leo amefundishwa nini?”

Ndilo swali analoulizwa karibu kila jioni mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyeanza mwaka jana kulea watoto wa majirani wakati wazazi wao wako kazini. Anao sita. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, mkubwa ana minne.

Swali halina ubaya, ila humsukuma mlezi mgeni kupanga siku ya kumfurahisha mzazi badala ya siku ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, hivyo alianzia kwa ofisa ustawi wa jamii. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya choo, magodoro na chakula. Akaulizwa pia: watoto watashinda wakifanya nini?

Akanakili ratiba ya shule ya msingi anayosoma binti yake. Saa mbili kuhesabu, saa tatu kusoma, saa nne kuandika. Haikumaliza wiki. Mdogo alikula chaki, wawili walilia, na kufikia saa nne televisheni ilikuwa imewashwa ili apate kusonga ugali. Wengi hufika hapo. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 hauruhusu skrini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne unataka isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi minne acheze na kujishughulisha kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku. Ratiba ya madawati haiwezi kufika huko.

Akaanza upya na mambo ambayo yangefanyika tu: kupokea watoto, kunawa mikono, uji, kulala, kuanua nguo. Kila jambo akalipa kazi. Vijiko vya uji vinahesabiwa vikigawiwa. Nguo zinapangwa kwa rangi. Wakati wa kunawa, kila kidole kinatajwa jina.

Kila Jumapili usiku huchagua kitu kimoja cha wiki na kukiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Wiki ya maji ilikuwa makopo matupu na beseni moja. Mdogo alipiga kopo, wa miaka miwili walimimina, yule wa minne alihesabu vikombe vinavyojaza kopo kubwa. Kitu kimoja, kazi tatu. Hapo ndipo umri tofauti hauwi tena kero. (Yeye hukaa kando ya beseni muda wote na kumwaga maji mara mchezo ukiisha. Mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji machache.)

Maharage na karanga za kuhesabia aliziondoa, kwa kuwa mtoto wa umri huo huweza kupaliwa nazo au kuzisukumia puani. Sasa wanahesabu magunzi na vifuu.

Kwa wazazi, hayo yote yalionekana ni michezo. “Dada, mwanangu ana miaka mitatu hajui hata a, e, i, o, u. Kwa mwenzio wanaandika,” alilalamika mmoja. Kati ya watoto sita, mmoja akiondoka pengo linaonekana hadi sokoni, na alikaribia kununua madaftari ili tu yaonekane.

Hakununua. Anafinyanga nao unga wa ngano, kwa sababu vidole vinavyobana na kuviringisha ndivyo vitakavyokuja kushika penseli. Na jioni, kabla mzazi hajauliza, humweleza jambo moja alilofanya mtoto wake siku hiyo: “Leo amegawa vijiko mwenyewe, akasema kimoja kimepungua.” Kingine huwaomba wamalizie nyumbani, kwa kuzungumza na mtoto wakiwa wanapika au wanamwogesha.

Yule aliyelalamika alimhamisha mwanawe mwisho wa mwezi. Mzazi mwingine, baba mwenye duka, alikuja Jumatatu na mfuko wa makopo matupu ya maziwa, akauliza kama yanatosha.